Mchoraji aliyeokoka achore nini? Wazee wamenipa wiki mbili

#1 Rangi za Mwanga
Wakuu, amani kwenu.

Mimi ni mchoraji, niko Mwanga hapa Kigoma mjini. Nilianza kuandika mabango 2009: saluni, maduka ya dawa, majina ya mitumbwi kule Kibirizi, herufi na wanyama kwenye kuta za chekechea. Nimeokoka 2014. Mkono ni ule ule.

Mwaka jana kanisani wakaniomba nichore ukuta wa nyuma ya madhabahu, ubatizo wa Yesu. Siku ile sikulala. Nikachora maji ninayoyajua: ziwa letu alfajiri, wavuvi wa dagaa wanarudi na karabai zao hazijazimwa, milima ya Kongo ng'ambo imeshika wekundu juu kileleni. Yohana nimemfanya mtu mrefu, mweusi, mbavu zinahesabika, maana alikuwa anakula nzige. Miezi miwili, kila jioni nikitoka kwenye kazi za watu. Rangi nilinunua mwenyewe. Sikulipwa na sikuomba.

Sasa yametokea mawili kwa mpigo. Mzee mmoja amesema Yesu hakubatizwa Kigoma, nifute ziwa niweke Yordani kama ulivyo kwenye kalenda. Wakati huo huo mtu kanipiga picha niko juu ya ngazi nachora ukuta wa baa, chupa na kuku wa kuchoma, akaituma kwenye kundi la kanisa. Baraza limekaa. Nimepewa wiki mbili: niache kazi za dunia, au brashi yangu isiguse tena ukuta wa Bwana.

Nina watoto watatu. Wazee wangu nawaheshimu, mmoja wao ndiye aliyenizamisha majini nikabatizwa. Sitafuti watu wa kuwasema vibaya. Ninachouliza ni hiki: Mungu akimpa mtu mkono wa kuchora, anautaka kwa kazi gani? Msanii Mkristo ameitiwa nini?

#2 Mvuvi wa Katonga
Mwakeye mkuu. Kabla ya kufungua Biblia, karabai gani tena hizo? Siku hizi wengi wetu ziwani tuna taa za sola na betri.

#3 Rangi za Mwanga
Kweli kabisa kaka. Nimechora zile za utotoni, zilizokuwa zinavuma ukipita karibu.

#4 Mwinjilisti Kasulu
Bwana asifiwe. Ndugu mleta mada, nitasema wazi kwa kuwa nakupenda. Kipawa alichopewa mtu aliyeokoka kina kazi moja, kumtangaza Kristo. Bango nalo ni mahubiri. Ukichora chupa ikapendeza, umemwambia baba mwenye watoto wenye njaa nyumbani, "pita ndani". Nimezika watu wa pombe huku Kasulu, nimekaa na wajane wao. Mtu asiniambie ile ni rangi tu. Wazee wako wamekuonea huruma kukupa hizo wiki mbili.

#5 Fundi Mninga
Mwangaluka. Niko Tabora, fundi seremala. Mwinjilisti anasema kazi ni moja. Bezaleli aliyejenga hekalu la Sulemani alihubiri lini? Hakuna hata sentensi yake moja iliyoandikwa. Lakini ndiye Mungu aliyesema amemjaza roho, akampa ujuzi wa dhahabu, fedha, shaba, kukata vito na kuchora miti. Mimi nasema ustadi ndiyo ibada yenyewe. Nikikutengenezea meza inayoyumba halafu nikachonga mstari wa Biblia ubavuni, nimemsingizia Mungu.

#6 Mama wa Isevya
Fundi, hoja nzuri ila umemhamisha mtu. Bezaleli hakuliona hekalu. Yeye na Oholiabu walifanya Hema ya Kukutania jangwani, soma Kutoka 31 na 35. Hekalu la Sulemani shaba yake ilifanywa na Hiramu wa Tiro, 1 Wafalme 7. Mama yake mjane wa kabila la Naftali, baba yake mtu wa Tiro.

Na ukifika hapo, soma juu ya zile nguzo mbili za ukumbini. Vichwani mwake vilikuwa na kazi ya mayungiyungi. Mayungiyungi hayabebi dari. Hayahubiri pia. Yaliwekwa kwa kuwa yanapendeza mbele za Mungu, basi.

#7 Fundi Mninga
Nimesahihishwa mama, ahsante. Hiramu nimemchukua, nitamtumia.

#8 Ujiji Mtaa wa Maembe
Hapo kwa Hiramu na baba yake wa Tiro ndipo na mimi nina neno. Kanisa moja huku kwetu lilitaka milango ya kuchonga. Fundi aliyeweza ile kazi Ujiji alikuwa mzee wa Kiislamu, alirithi patasi kwa babu yake. Alichonga miezi mitatu, akiadhiniwa anaweka patasi chini anakwenda msikitini, akirudi anaendelea na mizabibu ya kanisa. Paroko akampa heshima yake yote na malipo yake yote. Milango ipo mpaka leo na watu wanaigusa wakiingia.

Sasa mtu akiniambia kusudi la sanaa ya kanisani ni imani ya fundi, nitamwambia nini yule mzee? Na akiniambia imani haihusiki kabisa, mbona mleta mada halali usiku kwa ajili ya ule ukuta? Sijui. Nauliza na mimi.

#9 Mwalimu wa Lugha
Naomba niingilie kwenye neno. Mtaani tunaambiana "acha usanii", maana yake acha ulaghai. Tumelichafua wenyewe. Sanaa imetoka kwenye Kiarabu, na kule asili yake ni kazi ya mikono, ufundi. Mfua vyuma alikuwa ndani ya neno hilo. Msanii wa leo anayejulikana ni yule wa jukwaani na picha kubwa, kwa hiyo mtu akisema "msanii Mkristo" tunawaza nyota wa nyimbo za Injili. Turudishe neno kwa fundi na nusu ya ugomvi huu utaisha. Hatuulizi fundi bomba aliyeokoka ameitiwa nini akifunga bomba la baa.

#10 Mwinjilisti Kasulu
Mwalimu, bomba halimwiti mtu. Picha inaita. Hiyo ndiyo tofauti, na mleta mada mwenyewe anaijua, ndiyo maana wanamlipa.

#11 Mwalimu wa Lugha
Hapo umenishika. Nitafikiri.

#12 Mjukuu wa Tarumbeta
Babu yangu alipiga tarumbeta kwaya ya Moravian huku Tabora toka ujana mpaka meno yalipomtoka. Misiba yote, na alfajiri ya Pasaka makaburini kabla jua halijatoka. Ile ibada ya alfajiri ni ya zamani sana, ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na wamisionari wakaja nayo walipoingia Urambo 1891.

Babu hajawahi kujiita msanii hata siku moja. Alikuwa anasema "nimeitwa msibani", akachukua tarumbeta yake akapanda baiskeli. Kuitwa kwake kulikuwa ni kule. Mtu amefiwa, wewe unaweza kupuliza, nenda. Nikisoma mabandiko ya juu naona tunatafuta wito mbinguni wakati kwa babu ulikuja kwa mtoto aliyetumwa na wafiwa, amesimama mlangoni miguu imejaa vumbi.

#13 Mwalimu Mstaafu Urambo
Mjukuu, umeandika vizuri, ila 1891 ni Rungwe kule kusini. Urambo walifika 1898, wakaipokea kazi kutoka kwa London Missionary Society waliokuwa wametangulia. Wazee wa huku wakiona 1891 hawatalala.

Sasa kwa mleta mada. Nimefundisha dini miaka mingi na ninaomba vijana msiwadharau wazee wa baraza. Hofu yao ina asili. Hesabu 21, Mungu mwenyewe alimwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba. Watu wakamtazama wakapona. Kazi ya mikono, imetoka kwa Mungu, imeponya. Haya, fungua 2 Wafalme 18:4. Hezekia anamvunja nyoka yule yule kwa sababu Israeli walikuwa wanamfukizia uvumba, na Biblia inamsifu kwa hilo. Nyoka hakubadilika. Waliobadilika ni watazamaji.

Kwa hiyo mchoraji anaweza kuwa safi, kazi yake ikawa safi, na bado wazee wakawa na haki ya kuuliza ukuta huu utafanya nini kwa watoto wetu. Msanii Mkristo ameitiwa kuwa chini ya kusanyiko lake. Ndivyo ninavyoona mimi, na najua halipendezi masikioni.

#14 Mjukuu wa Tarumbeta
Shikamoo mwalimu. Nimepokea, 1898.

#15 Dada wa Kibondo
Nilifundisha Nyarugusu miaka mitatu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1996. Tulikuwa na kipindi cha kuchora. Mtoto mmoja wa kiume, miaka kama tisa, alichora nyumba inaungua. Kila wiki nyumba ile ile, moto ule ule, kalamu nyekundu inaisha. Akaja mgeni wa kanisa kututembelea, mtu mwema, akaniambia nimwelekeze mtoto aweke msalaba juu ya paa ili picha iwe ya matumaini. Nikakataa kwa adabu. Msalaba ungekuwa wa mgeni. Moto ulikuwa wa mtoto.

Mwinjilisti, kitabu cha Esta hakina jina la Mungu popote na kimo ndani ya Biblia. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, hakuna "lakini nitakusifu" mwishoni. Aliyeipanga pale hakuona haja ya kuimalizia vizuri. Kwangu mimi msanii anayemwamini Mungu ana kazi ya kusema kweli, hata ile isiyopigiwa makofi kanisani. Wiki ya kumi na kitu yule mtoto alichora mti kando ya nyumba. Sikumwambia.

#16 Mvuvi wa Katonga
Dada umenitoa machozi na mimi niko sokoni.

#17 Mwinjilisti Kasulu
Dada wa Kibondo, nimesoma mara mbili. Kwa mtoto yule ulifanya sawa. Zaburi 88 nayo nakubali. Ila Zaburi 88 ilikuwa inaimbwa hekaluni na watu wanaojua zile nyingine 149. Ukutani kwa baa hakuna zile nyingine.

#18 Chaki na Rangi
Mimi ni mwalimu wa sanaa, sekondari. Nataka kurudi kwenye "Yesu hakubatizwa Kigoma", naona tumeipita haraka.

Elimo Njau, Mtanzania mwenzetu wa Marangu, mwaka 1959 alichora kuta za kanisa kuu la Mtakatifu James kule Murang'a, Kenya. Kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa, vyote vimewekwa kwenye vilima na watu wa pale pale. Yesu hakuzaliwa Murang'a pia. Na ile kalenda ya mzee wenu, aliyeichora hakukaa kando ya Yordani, alimpa Yesu nywele na ngozi za watu wa kwao Ulaya. Yordani wenyewe ni mto mwembamba na mara nyingi maji yake yana tope. Kila mchoraji amechora maji ya kwao. Tofauti ni kwamba maji ya wengine tumeyazoea hadi tunadhani ndiyo Biblia.

#19 Mzee wa Gungu
Vijana, shikamooni mnanipa kimoyomoyo, nami naitikia marahaba. Mimi ni mzee wa kanisa, si la huyu mchoraji, jingine. Mwalimu wa Chaki na Rangi, mkumbuke Naamani, yule jemadari mwenye ukoma, 2 Wafalme 5. Aliambiwa akaoge Yordani. Akakasirika, akasema mito ya Dameski, Abana na Farpari, ni mizuri kuliko maji yote ya Israeli. Naye alitaka maji ya kwao. Akapona alipokubali kushuka kwenye yale yasiyo ya kwao, yenye tope kama ulivyosema.

Mzee mwenzangu huenda hakuweza kulieleza, lakini hilo ndilo linalomsumbua. Imani yetu ilitokea mahali fulani, mwaka fulani, chini ya Pontio Pilato. Ukimhamishia Bwana Kibirizi, mjukuu wangu atajua lini kwamba jambo lile lilitokea kweli?

#20 Chaki na Rangi
Mzee, shikamoo. Hoja hiyo sikuwahi kuisikia na ni nzito. Nitaanza kwa kusema kwamba kanisa la Murang'a waumini hawajapotea njia ya kwenda Bethlehemu. Mengine niacheni nikalale nayo.

#21 Mpiga Kinanda
Tumsifu Yesu Kristo. Tabora, upande wa Kipalapala. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipokuja Tanzania Septemba 1990 alifika na Tabora yetu, mimi nilikuwa kijana wa kwaya, sauti ya tatu. Wengi hawajui kwamba ujanani alikuwa mwigizaji. Wakati Wajerumani wameikalia Poland, yeye na wenzake walikuwa wanaigiza kwa siri kwenye nyumba za watu. Pasaka ya 1999, tarehe 4 Aprili, akawaandikia wasanii barua. Anasema si wote walioitwa kuwa wasanii kwa maana ya kazi hiyo, lakini kila mtu amekabidhiwa maisha yake mwenyewe ayafanye kazi nzuri. Mimi hapo hupata raha, maana nikikosea nota kuna kazi nyingine bado iko mkononi.

Na sisi Wakatoliki tunaye Bach, yule mtunzi wa muziki wa Ujerumani, aliyekuwa anaandika S.D.G. mwisho wa kazi zake, utukufu kwa Mungu peke yake.

#22 Usharika wa Karibu
Mpiga Kinanda, Bach mturudishie kwa upole. Mlutheri yule, toka kubatizwa mpaka kufa. Misa ya Kilatini aliandika, ndiyo, lakini kiti chake kilikuwa Leipzig kwa Walutheri, 1723 mpaka alipokufa 1750.

Na kwa kuwa amekuja, nimpe mleta mada faraja. Bach huyo wa S.D.G. mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake kulalamika kwamba mapato yamepungua. Sehemu ya pato lake ilitoka kwenye maziko, na hewa ilikuwa nzuri mwaka uliotangulia, watu hawakufa wa kutosha. Alikuwa na nyumba imejaa watoto. Utukufu kwa Mungu peke yake, na ada ya shule pia.

#23 Mpiga Kinanda
Mchukueni, ila nota zake tunabaki nazo. Ahsante kwa kunisahihisha.

#24 Mama wa Isevya
Nilikuwa nasubiri mtu ataje pesa. Nehemia 13, mstari wa 10 na 11. Nehemia anarudi Yerusalemu anakuta Walawi na waimbaji wamekimbia, kila mtu shambani kwake. Kwa nini? Hawakupewa sehemu zao. Nehemia hakuwakemea waimbaji. Aligombana na wakuu, akawauliza mbona nyumba ya Mungu imeachwa.

Marehemu mume wangu alitunga nyimbo za kwaya zaidi ya thelathini. Kwaya ikarekodi, ikazindua albamu, mgeni rasmi akaja, watu wakatunza. Yeye alipewa soda na nafasi ya kukaa mbele. Jina lake kwenye kava halikuwepo. Hakudai, alisema ni kazi ya Mungu. Alipougua nilibeba mzigo peke yangu. Sisemi kwa uchungu, ule nimeshauweka kwa Bwana. Nasema ili mleta mada aulizwe swali sahihi: baraza linalokukataza ukuta wa baa, limekulipa ukuta wa madhabahu? Hata rangi?

#25 Kijana wa Cheyo
Pole sana mama. Kwa wengine wanaosoma, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo toka 1999, sheria namba 7. Mtunzi ni mtunzi hata kama wimbo umeimbwa na kwaya nzima ya watu arobaini. Andikeni majina kwenye nota.

#26 Mwinjilisti Kasulu
Mama wa Isevya, hili la Nehemia linanihukumu. Mimi mwenyewe nimewahi kuandikiwa bango la mkutano wa Injili na kijana, nikamwambia Mungu atamlipa. Kesho namtafuta.

Kuhusu baa bado sijahama.

#27 Ujiji Mtaa wa Maembe
Mleta mada kimya. Mkuu, mkeo anasemaje? Hakuna aliyeuliza.

#28 Rangi za Mwanga
Nipo wakuu. Nimesoma kila bandiko, mengine nimemsomea mke wangu kwa sauti wakati anakaanga migebuka. Yeye anasema kuta za baa nimepata tatu kwa mwaka mzima, hazitulishi, niziache kwa amani bila kulazimishwa na mtu. Lakini ziwa nisifute. Anasema nikilifuta yeye atakaa nje siku hiyo.

Nyie mmenipa mizigo tofauti na siwezi kuibeba yote mkono mmoja. Nikimsikiliza Fundi Mninga naona nimalize kazi iwe safi, hayo mengine si yangu. Nikimsikiliza Mwalimu Mstaafu naona nishuke chini ya wazee wangu. Babu wa tarumbeta amenikaa kichwani zaidi ya wote, kwa sababu na mimi niliitwa, wazee wale wale ndio walinifuata nyumbani. Na Mzee wa Gungu, shikamoo, nimekwenda kuutazama ukuta tena kwa jicho la mjukuu wako. Nikajiuliza atajuaje. Sikupata jibu, nimeondoka bila kugusa brashi.

Jana mzee aliyenibatiza alikuja kanisani mimi nikiwa nimekaa pale mbele ya ukuta. Alisimama muda. Akauliza kwa nini maji yamefika kiunoni kwa Yohana tu, kwa Yesu magotini. Nikamwambia ziwa linashuka ghafla, hatua moja huna ardhi. Akasema "ni kweli, hapa Bangwe liko hivyo". Halafu akaenda zake. Kikao ni Jumapili baada ya ibada.

#29 Mzee wa Gungu
Marahaba mwanangu. Andika chini ya ukuta, kwa herufi ndogo, "Mathayo 3, Yordani". Ni wazo tu. Mwenzangu anaweza kulikubali.

#30 Chaki na Rangi
Au msiandike, muwafundishe watoto. Mzee, naendelea kubishana na wewe kesho.

#31 Fundi Mninga
Mkuu, ukuta wa nyuma ya madhabahu unapakana na nje? Kama unapigwa na mvua rangi itavimba mwaka wa pili, ziwa au Yordani vyote vitabanduka. Umeweka nini chini?

#32 Rangi za Mwanga
Unapakana na nje fundi. Nilikwangua plasta yote iliyolegea, nikapiga chokaa, nikaacha wiki tatu ikauke, ndipo rangi ya kwanza. Upande wa kushoto chini kuna unyevu bado, ndiyo maana maji ya miguuni kwa Yohana sijayamalizia.

#33 Fundi Mninga
Usiyamalizie mpaka uzibe kwa nje. Tuma picha ya hiyo kona.